Mawe Saba Kwenye Mstari wa Kura

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya kusimamia uchaguzi, mkija kunisalimia huwa mnaniuliza jambo moja: sanduku la kura linalindwaje. Mnauliza habari za lakiri, za kufuli, za gari litakalobeba masanduku na askari watakaokaa nyuma yake. Ni maswali mazuri, na majibu yake mtayakuta kwenye kitabu cha maelekezo mtakachogawiwa siku ya semina, pamoja na soda. Mimi nimekuwa afisa uchaguzi wa halmashauri kwa miaka mingi, nikihamishwa mara upande wa Shinyanga, mara upande wa machimbo ya Geita, mpaka nilipostaafu. Sanduku halijawahi kuninyima usingizi. Walioninyima usingizi ni watu walio nje, kwenye mstari.

Sanduku halina njaa, halina hasira, wala haliwezi kukwambia limefika pale tangu alfajiri. Mstari unasema yote hayo kwa pamoja, na wewe uko peke yako mlangoni.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mashauri, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa akitembea na kalamu tatu mfukoni kwa sababu alikuwa haamini kalamu ya serikali. Uchaguzi wangu wa kwanza alinichukua tukakague vituo katika vijiji vya jirani na Samuye. Tulifika kituo kimoja asubuhi, mambo yamepangika: meza, mawakala wa vyama, wino, na kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri, kimewekwa chini ya dirisha ili mpiga kura apate mwanga. Nikasifia. Bwana Mashauri akaingia kituturini, akainama kama mtu anayepiga kura, akakaa hivyo kitambo, halafu akaniita.

"Mama Kulwa, njoo uiname hapa. Unaona nini?"

Niliinama. Nje ya dirisha niliona viatu vya wanaume. Wazee wa kijiji walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, wakizungumza habari za ng'ombe, na kila mwanamke aliyeingia kupiga kura alikuwa na mumewe, au shemeji yake, hatua chache kutoka kwenye mkono wake.

"Ungepiga kura hapa?" akaniuliza.

"Ningekunja karatasi nitoke."

"Ndivyo wanavyofanya tangu kituo kifunguliwe," akasema. Tukageuza kituturi, mgongo wake ukaegemea ukuta usio na dirisha. Wazee wakalalamika kwamba tumewaletea giza akina mama. Mama mmoja aliyekuwa anaingia akajibu bila kusimama, "Giza hilo tumelizoea, tuacheni nalo."

Kwa hiyo la kwanza ninalowaambia ni hilo. Kabla hamjafungua kituo, ingieni kituturini wenyewe, muiname, mtazame mnaonwa na nani. Katiba inasema kura ni ya siri, lakini siri hiyo inalindwa na mtu aliyekubali kuinama.

La pili ni vidole. Mtakapopelekwa kuandikisha wapiga kura kwenye machimbo, mtakutana na watu ambao mashine haiwasomi. Kule karibu na Runzewe, wakati wa kuboresha daftari, kijana wetu mmoja wa mashine alinipigia simu akihangaika. "Mama, kuna bibi hapa hana alama za vidole." Nikaenda. Nikamkuta mama wa makamo, mponda mawe. Amekaa kwenye kiti, vidole vyote kumi vipo, ila ncha zake zimekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Miaka ya kushika mawe na nyundo ilikuwa imezifuta.

"Huyu mwanao anasema sina vidole," akaniambia. "Muulize, ugali ninaulia nini?"

Tulimnawisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukampaka mafuta kidogo, tukamwacha apumzike kivulini, tukajaribu tena. Vidole vinne vikasoma. Kwa vile vilivyobaki, mashine ina njia ya kuandika kwamba havisomeki na kazi ikaendelea. Yule kijana alikuwa hajafundishwa njia hiyo, au alisinzia siku ya kufundishwa. Nikamwambia, na nawaambia na ninyi: Ibara ya tano ya Katiba inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane. Haikusema raia mwenye vidole vinavyosomeka. Mashine ikikataa, tafuta njia ndani ya sheria. Usimrudishe mtu nyumbani kwa sababu wewe umechoka.

Haki hiyo watu huitilia shaka hata kwa kumtazama mtu usoni. Shinyanga mjini palikuwa na mzee mwenye duka la vitambaa, Bwana Altaf, ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi. Alisimama kwenye mstari kama watu wengine, na kijana mmoja nyuma yake akasema kwa sauti, "Na huyu naye anapiga kura ya wapi?" Bwana Altaf akageuka, akamjibu kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko cha yule kijana, kisha akarudia kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Baba yangu alizaliwa chumba cha nyuma cha duka. Mimi nikazaliwa chumba cha mbele. Sisi tunasogea polepole, lakini hatujatoka kwenye kiwanja." Watu wakacheka, na yule kijana akacheka pia. Sikuhitaji kusema lolote. Siku nyingi za kazi hii huwa hivyo.

Siku ya Kwa Masanyiwa haikuwa hivyo.

Kwa Masanyiwa ni jina la machimbo madogo ya dhahabu, upande wa Geita, na jina hilo nimelibadilisha, pamoja na majina ya watu wote nitakaowataja. Kulikuwa na uchaguzi, na katika kata ile kilichowachoma watu moyo kilikuwa kiti cha udiwani. Wagombea walikuwa wawili wenye nguvu. Mmoja alikuwa mdogo wake mwenye duara kubwa kuliko yote pale machimboni. Duara ndilo shimo lenyewe la kuchimbia. Huyu alikuwa amesema hadharani kwamba akishinda, vibanda vya wachimbaji vitaondolewa ili eneo lipimwe. Mwingine alikuwa amesema havitaondolewa. Kwa hiyo kila mtu alijua wachimbaji watampigia nani, na kila mtu alijua kura zitakaribiana. Wiki nzima kabla ya siku yenyewe, nilipopita pale watu walikuwa wanaacha kuzungumza.

Kituo kilikuwa kwenye shule ya msingi, ng'ambo ya kijito kutoka machimboni. Msimamizi wake alikuwa mwalimu kijana anayeitwa Neema, makini, mwenye sauti ndogo. Asubuhi nilimpitia nikakuta amefungua kwa wakati, kituturi kimekaa vizuri, mawakala wapo. Nikaenda vituo vingine. Mchana akanipigia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Kwenye mstari kuna mawe."

"Mawe gani?"

"Mawe, Mama. Saba. Yamepanga foleni."

Nilidhani mtu ameleta mawe ya kurusha, na nilimwambia dereva wa pikipiki akaze mwendo. Nilipofika niliyaona. Kati ya watu waliosimama juani, palikuwa na mawe saba ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, moja hapa, mawili kule, na chini ya kila jiwe kadi ya mpiga kura. Mstari ukisogea, wanawake waliokuwa kando waliinama, wakasogeza jiwe, wakarudi kando.

Mkishaishi kwenye machimbo hamtashangaa. Maji kule ni ya foleni. Mama akifika bombani na ana mtoto mgonjwa nyumbani, anaweka ndoo yake, anakwenda, na ndoo inasogezwa na wenzake mpaka zamu yake ifike. Ndoo ikikosekana, jiwe linatosha. Hakuna anayelipita. Nimeona watu wakipigana kwa mambo mengi machimboni, lakini sijaona mtu akiruka jiwe la mwenzake.

Aliyekuwa akiongoza wale wanawake aliitwa Mama Pendo, mkewe mchimbaji mmoja jina lake Nkwabi. Akanieleza haraka. Zamu ya waume zao iliingia kwenye lile duara kubwa alfajiri kwa makubaliano kwamba watatoka mapema, waje kupiga kura. Muda wa kutoka ulipofika, winchi inayowavuta ikafa. Wako saba, wako chini, hewa wanaipata, chakula wameshushiwa. Ila hawatoki.

"Kwa hiyo tumewashikia nafasi," akasema. "Kadi zao hizi hapa. Wakitoka hata jioni, nafasi zao zipo."

Niliangalia saa. Kituo kinafungwa saa kumi jioni. Sheria inasema aliyepo kwenye mstari saa kumi ikigonga atapiga kura, hata ikichukua muda. Anayefika baada ya hapo hapigi. Saa hiyo ikifika, askari anakwenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho, na yeye ndiye mwisho wa mstari. Mama Pendo alijua hilo. Ndiyo maana alileta mawe.

Ningemwambia pale pale kwamba jiwe si mtu. Nilifungua mdomo, nikaona macho ya wale wanawake, nikaona na wakala wa yule mgombea aliye mdogo wake mwenye duara, bwana mmoja mwenye koti la kijivu, ameshika simu anatupiga picha mimi na mawe. Nikasema, "Nakwenda shimoni kwanza."

Pale shimoni nilimkuta nyapara, msimamizi wa duara, kijana anayeitwa Deo, amekaa kwenye gogo. Injini ya winchi ilikuwa imefunguliwa, vipande vyake vimetandazwa juu ya turubai. Mbali kidogo alikuwa amechuchumaa Mzee Jilala, fundi matimba, yaani mtu anayepigilia magogo ya kuzuia kuta za shimo zisidondoke. Kulikuwa na watu wengine wengi, wamesimama, na jinsi walivyomtazama Deo sikuipenda.

"Habari za kazi, Deo."

"Hakuna kazi, mama. Winchi imekataa."

"Fundi yuko wapi?"

"Anakuja."

"Kutoka wapi?"

"Anakuja tu."

Nikatazama mikono yake. Haikuwa na oili hata tone. Nawaambia hili kwa sababu siku moja mtaandika taarifa ya jambo kama hilo. Mimi sikuandika kwamba winchi iliharibiwa makusudi, kwa sababu sikuona. Hadi leo sijui. Niliandika nilichokiona: injini imefunguliwa, hakuna anayeitengeneza, fundi hajulikani aliko.

"Deo, sheria inamtaka mwajiri awape watu wake nafasi ya kwenda kupiga kura."

Akacheka kidogo. "Mwajiri nani, mama? Hapa hakuna mshahara. Hawa tunagawana nao mawe. Ni wabia wangu hawa. Na mimi sijamkataza mtu. Aulizwe winchi."

Watu wakasogea hatua moja. Mmoja akasema, "Tukuulize wewe mwenyewe, uko karibu." Mwingine akasema, "Tumshushe naye akapige kura huko chini." Deo alisimama kutoka kwenye gogo. Nilimwona akitafuta njia ya kupita kwa macho.

Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuizoea, "Atakayemgusa huyu atakuwa amenifungia kituo. Askari wataitwa huku, na mimi nitatakiwa kusimamisha upigaji kura. Hamtapiga ninyi, hawatapiga wake zenu waliosimama juani. Hicho ndicho mnachotaka?" Walisimama pale walipokuwa.

Mzee Jilala akanyanyuka. "Mayu," akaniita, maana kwetu ndivyo mwanamke wa heshima anavyoitwa, "njia nyingine ipo." Akanionyesha shimo jembamba, hatua kadhaa kutoka pale. Lilikuwa duara la zamani, lililokutana na hili huko chini. "Wanaweza kupanda kwa matimba. Niliyapiga mwenyewe. Juu ni mazima. Chini ni mazima. Katikati kuna maji, matimba yanateleza."

"Ni salama?"

"Siyo salama. Ni njia."

"Ukiwateremshia kamba?"

"Nikiwafunga kamba kiunoni mmoja mmoja, nikawavuta na hawa vijana, naona watafika. Ila taratibu."

Wakazima feni ya hewa ili tusikilizane na walioko chini kupitia mpira wake mrefu unaoteremsha hewa. Mzee Jilala akaita. Sauti ikapanda, ya mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Alikuwa Nkwabi, mumewe Mama Pendo.

Nikauchukua mpira. "Nkwabi, mimi ni Mama Kulwa wa uchaguzi. Nisikilize vizuri. Sijaja kuwaambia mpande. Kura ni haki yenu, siyo amri. Hakuna mtu wa serikali anayeweza kuwaambia mhatarishe maisha kwa ajili ya kura. Mkikaa mkangoja fundi, hamjakosa kitu mbele ya sheria. Umenisikia?"

Nilisikia wakizungumza wao kwa wao. Halafu Nkwabi akasema, "Tumekusikia, mama. Sasa na wewe tusikilize. Hatupandi kwa ajili yako. Mwambie Jilala alete kamba."

"Mko salama kwa hewa?"

"Ukiwasha feni tutakuwa salama zaidi kuliko tukiongea."

Tukawasha feni. Mzee Jilala akavua shati, akaanza kukagua kamba kwa vidole, fundo kwa fundo, na watu waliokuwa wamemzunguka Deo wakaja kushika kamba. Deo mwenyewe sikumwona tena.

Sikuweza kukaa pale. Nataka mlielewe hili, maana mtajaribiwa. Moyo wangu ulikuwa kwenye lile shimo, lakini kazi yangu ilikuwa kituoni. Nilimwachia Mzee Jilala pikipiki mbili za vijana wa pale, zingoje, na mimi nikarudi shuleni nikijiambia nisiangalie nyuma. Nikaangalia, mara mbili.

Kituoni nilikuta maneno yameanza. Yule bwana wa koti la kijivu alikuwa anamwambia Mwalimu Neema kwamba mawe yaondolewe. Wanawake wanamwambia yeye ndiye aondolewe. Nikasimama katikati.

"Mama Pendo. Wote mnisikie. Waume zenu wanapanda. Wakifika kabla ya saa kumi, na watu wa nyuma wakiwakubali, kila mtu atasimama penye jiwe lake, na mimi sina neno. Huo ni ujirani wenu. Lakini saa kumi ikifika, nitahesabu watu. Sitahesabu mawe."

"Kwa nini?" akauliza Mama Pendo. "Hapa kwetu jiwe ni mtu. Hata huyu bwana anachota maji kwa jiwe."

"Kwenye maji, sawa. Ndoo yako naweza kukujazia mimi. Kura yako siwezi. Mimi siwezi, mumeo hawezi, wewe kwa mumeo huwezi. Haishikiwi nafasi, haitumwi mtu. Lazima mwenyewe awe hapa na miguu yake. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayomzuia mwenye duara asije na kadi mia za watu wake akasema wamemtuma."

Hilo la mwisho liliwanyamazisha, siyo kwa sababu walilipenda. Bwana wa koti la kijivu akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Mwalimu Neema akanivuta kando. "Mama, saa yangu iko nyuma kidogo."

"Asubuhi ulifungua kwa saa gani?"

"Ile ya ukutani."

"Utafunga kwa ile ya ukutani."

Aliinamisha kichwa. Sikumlaumu, nilitamani kuwa mtu ambaye angeitumia ile saa yake ya mkononi.

Tukangoja. Mstari ukasogea, mawe yakasogezwa. Kila injini ya pikipiki iliyosikika ng'ambo ya kijito, vichwa vyote viligeuka, na mara mbili zilikuwa za watu wengine tu, mmoja kabeba mkaa. Mama Pendo hakugeuka. Alikuwa ameweka mguu wake kando ya jiwe la mumewe, analitazama.

Zikaja pikipiki mbili, zimebeba watu watatu watatu. Walikuwa wekundu kwa tope tangu nywele hadi viatu. Hakuna aliyeshangilia. Walishuka, wake zao wakawaonyesha mawe kwa vidole, na watu wakapeana nafasi. Mmoja akauliza, "Langu lipi?" Mkewe akamjibu, "Lile baya," na hapo ndipo pekee watu walipocheka. Nikawahesabu. Sita.

"Nkwabi?" Mama Pendo akauliza.

"Alikuwa chini kabisa," mmoja akasema. "Ndiye aliyekuwa anatufunga kamba. Mtu wa mwisho hana wa kumfunga, anajifunga mwenyewe. Tulipoondoka alikuwa amefika kwenye maji."

"Mmemwacha kwenye maji?"

"Jilala yuko naye, shemeji. Alituambia nendeni. Alitutukana ili twende."

Nikamrudisha dereva mmoja shimoni. Nilikuwa naisikia saa ya ukutani kutoka uwanjani, ingawa najua haiwezekani. Mwalimu Neema akatoka mlangoni, akanitazama, halafu akamtazama askari. Saa kumi. Askari akatembea kando ya mstari wote, akalipita jiwe moja lililobaki, akasimama nyuma ya mtu wa mwisho, mzee mmoja mwenye fimbo.

Nyuma ya jiwe la Nkwabi palikuwa na watu zaidi ya kumi.

Pikipiki ikatokea. Nilimwona kabla haijasimama. Alikuwa amefungwa kitambaa mkononi, na suruali imechanika gotini. Alishuka akaja moja kwa moja mpaka penye jiwe lake, karibu na mkewe, akasimama. Hakujua. Kwake yeye, alikuwa amefika.

"Nkwabi," nikasema. "Saa kumi imepita."

Alitazama mstari mbele yake, akatazama nyuma. "Watu hawa wa nyuma yangu?"

"Walikuwepo."

"Jiwe lake lilikuwepo tangu mchana," akasema Mama Pendo. Hakupiga kelele. "Waulize watu wa nyuma kama wanakataa."

Walio nyuma wakasema mmoja baada ya mwingine: mimi sikatai, apite, mwacheni mtu huyo, hata mimi nampa nafasi yangu. Yule mzee wa fimbo akasema kwamba yeye atoke, Nkwabi aingie. Askari akanitazama, na Mwalimu Neema naye, na nilijua kwamba wote wawili wangefanya lolote nitakalosema. Bwana wa koti la kijivu alikuwa ameinua simu yake, anarekodi.

"Siwezi," nikasema.

Nimesema neno hilo mara nyingi kazini. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kulisema kwa mtu aliyekuwa anadondosha maji ya shimoni miguuni pangu.

Nkwabi akamtazama yule wakala. "Wale wenzangu sita, wanapiga?"

"Wanapiga," nikasema. "Walifika kwa wakati. Hakuna wa kuwagusa."

"Na ukiniruhusu mimi, huyu bwana atafanya nini?"

Nikamjibu. "Ataandika malalamiko kwamba kituo kilipokea mpiga kura baada ya muda. Ana haki hiyo. Itakwenda mahakamani, na hakimu hataweza kuichomoa kura yako moja, maana haina jina. Kitakachobishaniwa ni kituo kizima."

"Pamoja na zao."

"Pamoja na zao. Na za hawa wote."

Mama Pendo akamshika mumewe mkono ule uliofungwa kitambaa, na yeye akauchukua taratibu kutoka kwake. Akainama, akainua jiwe, akaitoa kadi yake chini yake. Akaifuta kwenye sehemu ya shati iliyokuwa kavu kidogo, akaitia mfukoni. Kisha akalibeba lile jiwe, akaliweka kando ya njia ambako watoto wa shule walikuwa wamepanga mawe ya bustani.

Mstari ulikuwa na pengo. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya jiwe alikuwa amesimama pale pale, amekumbatia kadi yake kifuani, hataki kulipita.

"Pita, shangazi," Nkwabi akamwambia. "Nenda kapige."

Ndipo akasogea.